Padre Georges Lemaître, Mwanachuoni wa Nyota

Mwanzoni mwa mwaka 1894 askari wa Dola Huru ya Kongo waliuteka mji wa Kabambare. Katika Aprili ya mwaka uliotangulia walikuwa wameuteka Kasongo, mji mkubwa wa Tippu Tip na wa mwanawe Sefu, na sasa vita vyao na Waarabu vikafikia mwisho. Katika nchi iliyo kati ya mto Lualaba na mto Luama watu wakazika maiti zao, wakajenga upya nyumba zilizoteketea. Mwaka huo huo, tarehe 17 Julai, katika mji wa Charleroi nchini Ubelgiji, alizaliwa mtoto mwanamume akaitwa Georges. Baba yake aliitwa Joseph Lemaître, na mama yake Marguerite Lannoy. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwaonyesha wataalamu wa dunia nzima kwamba ulimwengu haukusimama mahali pamoja kama walivyodhani, bali unapanuka, na kwamba zamani sana ulikuwa mdogo kuliko mtu awezavyo kufikiri.

Charleroi ulikuwa mji wa makaa ya mawe na wa viwanda vya vioo. Joseph Lemaître alikuwa na kiwanda cha vioo, nacho kikaungua moto. Ikambidi atafute kazi katika benki huko Brussels, na jamaa yake yote wakahamia huko mwaka 1910. Georges alikuwa mkubwa katika ndugu wanne. Alipokuwa na umri wa miaka tisa hivi alikata shauri la kuwa padre, na katika siku zile zile alikata shauri la kuwa mwanachuoni. Baba yake hakumkataza, ila alimshauri asiwe na haraka, kwanza asome. Kwa hiyo kijana alisoma kwa Mapadre Wayesuiti, kisha mwaka 1911 akaingia Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain kujifunza kazi ya uhandisi wa migodi.

Masomo hayo yalikatizwa na vita. Katika Agosti 1914 Wajerumani waliingia Ubelgiji, naye Georges pamoja na nduguye Jacques wakajiandikisha jeshini kwa hiari yao. Alipigana kando ya mto Yser, katika mahandaki yaliyojaa maji na matope, na katika Aprili 1915 aliona kwa macho yake watu wakifa kwa moshi wa sumu huko Ypres, mara ya kwanza silaha hiyo ilipotumiwa kwa wingi katika nchi hizo. Vita hivyo vilifika hata huku: watu wengi wa Kongo, na wa Maniema miongoni mwao, walibeba mizigo ya majeshi hadi ng'ambo ya ziwa Tanganyika, na Tabora ikatekwa mwaka 1916. Georges alipewa nishani ya ushujaa. Lakini katika mahandaki alikuwa akisoma vitabu vya hesabu na Maandiko Matakatifu, na vita vilipokwisha hakutaka tena kuwa mhandisi. Aliacha habari za migodi, akachukua hesabu, akapata shahada ya udaktari mwaka 1920; na katika Oktoba ya mwaka huo huo akaingia seminari ya Malines.

Kardinali Mercier, Askofu Mkuu wa Malines, alikuwa mwenyewe mtu wa elimu kubwa. Alipoona kipawa cha mseminari huyo alimruhusu kuendelea na hesabu katika saa zilizobaki, hasa mafundisho mapya ya Albert Einstein juu ya mvuto, nafasi na wakati, ambayo siku hizo watu wachache tu Ulaya waliyafahamu vema. Georges alijifunza hayo karibu peke yake. Katika Septemba 1923 Kardinali akampa daraja takatifu la upadre, na kabla mwaka haujaisha padre kijana alikuwa Cambridge, Uingereza, mwanafunzi wa Arthur Eddington, bingwa wa elimu ya nyota. Mwaka uliofuata alivuka bahari kwenda Marekani, chuo cha Harvard.

Ili kuelewa alichokitafuta huko, yafaa kutazama juu.

Mtu wa Kasongo au wa Kabambare hahitaji chombo cho chote ili kuona mwanzo wa habari hii. Wakati wa kiangazi, mwezi wa Julai, akitoka nje usiku kabla mbalamwezi haijachomoza, ataona juu ya kichwa chake mkanda mweupe unaopita toka upande mmoja wa mbingu hadi upande wa pili. Huo ndio Njia ya Maziwa. Si wingu, wala si moshi wa mashamba yaliyochomwa, ingawa katika mwezi huo moshi si haba. Ni nyota, zaidi ya bilioni 100, zilizo mbali mno hata jicho haliwezi kuzitenga moja moja, na jua letu ni mojawapo. Kundi kubwa namna hiyo wataalamu huliita galaksi. Ni kama kijiji kimoja cha nyota, na sisi tu wakazi wa kijiji hicho. Tena mtu yule akiamka kabla ya alfajiri, mwezi wa Agosti, akatazama upande wa kaskazini, huenda akaona doa dogo lenye mwanga hafifu, kama pumzi ya mtu juu ya kioo. Hilo ndilo galaksi ya Andromeda, kijiji kingine cha nyota, kikubwa kama chetu au kuliko chetu. Mwanga hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Safari ya kutoka Kasongo hadi Kabambare, inayomchukua mwenda kwa miguu siku kadhaa, mwanga huimaliza kabla jicho halijapepesa. Na mwanga huo wa Andromeda umesafiri miaka milioni 2 na nusu mpaka kufika kwenye jicho la yule aliyeamka mapema.

Padre Lemaître alipofika Marekani, jambo hilo lilikuwa ndiyo kwanza linathibitishwa. Wako wataalamu waliosema kwamba madoa ya namna ya Andromeda ni mawingu madogo yaliyo ndani ya kundi letu, na kwamba nje ya kundi letu hakuna kitu. Edwin Hubble, akitumia darubini kubwa ya mlima Wilson katika California, ndiye aliyemaliza ubishi huo; habari zake zilisomwa mbele ya wataalamu mjini Washington tarehe 1 Januari 1925. Kwa ghafula ulimwengu ukawa na vijiji vya nyota visivyohesabika.

Jambo la pili lilikuwa geni zaidi. Mwamerika mmoja, Vesto Slipher, mtu mpole asiyependa makelele, alikuwa tangu mwaka 1912 akipima mwendo wa madoa hayo. Njia aliyoitumia si ngumu kufahamu. Aliyepata kusimama kando ya reli ya Kindu na Kongolo, garimoshi likipita huku likipiga filimbi, anakumbuka kwamba sauti ilikuwa nyembamba lilipokuja, ikawa nzito mara lilipompita na kwenda zake. Mwanga nao una tabia kama hiyo: mwanga wa kitu kinachokuja huelekea kidogo kwenye rangi ya buluu, na wa kitu kinachokwenda zake huelekea kwenye wekundu. Jicho halitambui, lakini chombo cha kupasua mwanga hutambua. Hata kufikia mwaka 1917 Slipher alikuwa amepima galaksi 25, na katika hizo 21 zilikuwa zikienda mbali nasi, tena kwa kasi ya mamia ya kilomita kwa sekunde. Kama zingalikuwa zikitangatanga tu kama mbuzi wasio na mchungaji, nusu zingalikuja na nusu zingalikwenda. Mbona karibu zote zinakwenda?

Padre Lemaître alisafiri kumwona Slipher huko Arizona, akamwona na Hubble pia huko California. Kisha akarudi Ubelgiji mwaka 1925, akawa mwalimu wa Louvain, akaketi mezani na kalamu. Mwaka 1927 alitoa makala kwa lugha ya Kifaransa katika jarida la chama cha sayansi cha Brussels. Humo alichukua hesabu za Einstein, akaonyesha kwamba ulimwengu unaofuata hesabu hizo waweza kupanuka. Kisha akachukua vipimo vya galaksi 42, mwendo wake na umbali wake, akaonyesha kwamba ndivyo ilivyo kweli. Wengine walikuwa wamecheza na hesabu kama hizo. Mrusi mmoja, Alexander Friedmann, alikuwa amezifanya mwaka 1922, akafa kijana mwaka 1925, wala Lemaître hakuwa na habari naye. Lakini kuzifunga hesabu pamoja na mwendo wa galaksi zenyewe, hiyo ilikuwa kazi ya padre wa Louvain.

Alichokisema ni hiki: galaksi haziendi mbali nasi kama watu wanaokimbia kijiji chenye tauni. Ni nafasi yenyewe iliyo kati yetu nazo inayotanuka. Mwenye baiskeli aweza kujaribu jambo hili. Achukue utepe uliokatwa katika mpira wa ndani wa gurudumu, autie alama za chaki, kila alama mbali na jirani yake kwa upana wa kidole kimoja. Kisha auvute mpaka uwe mrefu mara mbili. Alama ya kwanza, iliyokuwa mbali kidole kimoja, sasa i mbali vidole viwili: imekwenda kidole kimoja. Ya pili, iliyokuwa mbali vidole viwili, sasa i mbali vidole vinne: imekwenda vidole viwili. Ya tatu imekwenda vitatu. Muda ni ule ule kwa zote. Basi iliyo mbali zaidi imekwenda kasi zaidi. Tena haidhuru aanzie alama gani, ataona vivyo hivyo, hata akaaye kwenye alama yo yote angaliweza kujidhani yu katikati na wengine wote wanamkimbia. Wala alama hazikutembea juu ya mpira. Zilichukuliwa na mpira. Mwanga unaosafiri juu ya mpira huo nao hunyoshwa njiani, na huo ndio wekundu aliouona Slipher.

Lemaître akapiga hesabu ya kasi: kwa kila umbali wa miaka ya nuru milioni 3 na robo, mwendo huongezeka kilomita 625 kwa sekunde. Hesabu za siku hizi hutoa kama kilomita 70 tu. Hakukosea kuhesabu, umbali wa galaksi uliojulikana wakati ule ulikuwa mfupi kupita kiasi, na kosa hilo lilikuja kumsumbua muda mrefu. Ni haki kueleza pia kwamba Andromeda haimo katika mwendo huu, kwani yenyewe inatujia, kilomita kama 110 kwa sekunde. Majirani walio karibu huvutana, na mvuto wao hushinda kutanuka kwa nafasi.

Makala hiyo karibu hakuna aliyeisoma. Ilikuwa imeandikwa kwa Kifaransa, katika jarida ambalo wataalamu wa Uingereza na Marekani hawakulisoma. Mwezi wa Oktoba 1927 wataalamu wakubwa walikutana Brussels, na Einstein mwenyewe akiwamo. Padre alipata nafasi ya kutembea naye kidogo bustanini. Einstein alikuwa ameisoma. Akamwambia kwamba hesabu zake hazina kosa, lakini wazo lake juu ya ulimwengu ni la kuchukiza. Ndiye aliyemjulisha pia kwamba Friedmann alimtangulia katika hesabu. Padre wa miaka thelathini na mitatu angaliweza kuvunjika moyo kwa neno la mtu mkubwa namna hiyo. Katika gari alijaribu kumweleza habari za mwendo wa galaksi, akatambua kwamba Einstein hakuwa na habari kamili za vipimo hivyo. Hapo akafahamu kwamba aliyemhukumu hakuwa ameziona shuhuda zote, akarudi Louvain kufundisha.

Mwaka 1929 Hubble akatangaza vipimo vyake, vilivyo bora kuliko vile vya kwanza, kwamba galaksi iliyo mbali zaidi huenda kasi zaidi. Dunia nzima ikasikia. Mapema mwaka 1930 Eddington alipouliza mbele ya wataalamu wa London kama hakuna hesabu za ulimwengu unaopanuka, Lemaître alimwandikia kumkumbusha kwamba alikwisha kumpa makala yake miaka mitatu nyuma. Eddington aliona haya, akaitangaza kwa sifa, na mwaka 1931 makala ikatoka kwa Kiingereza. Lakini katika tafsiri hiyo ile sehemu yenye hesabu ya kasi, ambayo ingalionyesha kwamba yeye alimtangulia Hubble, haikuwamo. Kwa miaka mingi watu walimshuku huyu na yule kwamba amemwibia padre heshima yake. Mwaka 2011 barua yake ilipatikana: aliyeiacha sehemu hiyo ni yeye mwenyewe, aliyefanya tafsiri, kwa sababu aliona vipimo vyake vimekwisha kupitwa na vipimo vipya na havina faida tena kwa msomaji. Watu wa namna hiyo si wengi.

Einstein naye alikwenda California mwanzoni mwa 1931, akaona ushuhuda, akaliacha wazo lake la ulimwengu uliosimama. Baadaye yeye na padre wakawa wakionana kwa furaha. Na Lemaître alipopewa tuzo ya Francqui, iliyo kubwa katika Ubelgiji, mwaka 1934, Einstein alikuwa mmoja wa waliopendekeza jina lake.

Lakini padre alikuwa amekwisha kwenda hatua nyingine, nayo ndiyo iliyomletea maadui. Ikiwa galaksi zinakwenda mbali leo, basi jana zilikuwa karibu zaidi, na juzi zaidi tena. Mtu akirudi nyuma namna hiyo atafika wapi? Katika Mei 1931, katika jarida la Nature la Uingereza, Lemaître alieleza kwamba vitu vyote vilikuwa hapo mwanzo pamoja kama atomu moja nzito kupita zote, ambayo ilipasuka, na vipande vikapasuka tena, mpaka vikawa nyota na galaksi. Alifikiri juu ya madini yanayopasuka yenyewe, kama radi na urani. Wabelgiji waliyajua sana madini hayo, kwani tangu mwaka 1921 walikuwa wakiyachimba huko Shinkolobwe, katika Katanga. Tena alisema kwamba nafasi na wakati wenyewe vilianza na kupasuka huko, hata haina maana kuuliza kilichokuwapo kabla yake.

Wengi waliposikia hivyo walitikisa kichwa. Hata mwalimu wake Eddington, mtu mcha Mungu, alisema kwamba wazo la mwanzo wa ulimwengu halimpendezi. Wengine walisema waziwazi zaidi: huyu ni padre, amechukua somo la kwanza la katekisimu, akalivika nguo za hesabu, akaliingiza kwa mlango wa uani. Hilo lilikuwa shitaka zito. Kama lingalikuwa la kweli, kazi yake yote ingalikuwa udanganyifu, na kila mkatoliki aliyetaka kusoma elimu ya nyota angalitazamwa kama mtu asiyeaminika.

Jibu lake laonekana katika karatasi zake. Mwishoni mwa maandishi yale ya mwaka 1931 alikuwa ameandika maneno machache juu ya Mungu aliyejificha katika viumbe vyake. Kisha, kabla ya kupeleka jaridani, akayafuta kwa kalamu. Hakuyafuta kwa kuona haya juu ya imani. Aliyafuta kwa sababu hesabu yapaswa kusimama kwa miguu yake yenyewe, mbele ya mwamini na mbele ya asiyeamini sawasawa. Alizoea kueleza kwamba ziko njia mbili za kuifikia kweli, naye amechagua kuzifuata zote mbili. Wala hakuona bado sababu ya kuzigombanisha.

Katika seminari alikuwa amesoma mafundisho ya Mtakatifu Toma wa Akwino, aliyefundisha karne ya kumi na tatu kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha kama ulimwengu una siku ya kwanza au hauna. Kuumbwa si habari ya siku ya kwanza tu. Mto Luama hautegemei chemchemi zake siku ile ulipoanza kutiririka tu. Wazitegemea leo, na saa hii, na zikikauka hakuna mto. Ndivyo ulimwengu unavyomtegemea Muumba, uwe na umri mkubwa au mdogo. Kwa hiyo ile atomu ya mwanzo, kwa maoni ya Padre Lemaître, haikuwa uumbaji wenyewe. Ilikuwa habari ya jinsi vitu vilivyoendelea, na mtaalamu akiona kesho kwamba si kweli, imani haipungukiwi kitu.

Ugumu wenyewe ulitoka mahali pengine. Kwa kasi ile kubwa iliyopimwa na Hubble, ulimwengu ulitokea kuwa na umri wa miaka bilioni 2 hivi. Lakini mawe ya dunia, yaliyopimwa kwa njia ya urani iliyomo ndani yake, yalionekana kuwa na umri mkubwa kuliko huo. Mtoto hawezi kumtangulia mama yake. Lemaître alijibu kwa kushikilia namba moja iliyokuwa katika hesabu za Einstein, nguvu ndogo inayosukuma vitu mbali, ambayo Einstein mwenyewe alikwisha kuitupa. Kwa nguvu hiyo, alisema, ulimwengu ulipanuka, ukapunguza mwendo kama mtu anayepumzika njiani, kisha ukaendelea tena, kwa hiyo umri wake ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Einstein hakukubali, nao wakabishana kwa barua na kwa mdomo miaka mingi bila kuchukiana. Mwaka 1952 mtaalamu Walter Baade alionyesha kwamba umbali wa galaksi ni mkubwa kama mara mbili ya ulivyodhaniwa, na umri wa ulimwengu ukaongezeka hivyo hivyo. Siku hizi huhesabiwa kuwa kama miaka bilioni 13.8, na umri wa dunia yetu bilioni 4 na nusu.

Wakati huo huo Mwingereza Fred Hoyle na wenzake walikuwa wakifundisha kwamba ulimwengu hauna mwanzo, na kwamba vitu vipya hutokea polepole kujaza nafasi inayoachwa. Mwaka 1949, akisema katika redio, Hoyle ndiye aliyeliita wazo la Lemaître kwa jina la mlipuko mkubwa, nalo jina likashika mpaka leo.

Tarehe 22 Novemba 1951 likatokea jambo ambalo padre hakulitazamia. Baba Mtakatifu Pius XII, akisema mbele ya Chuo cha Kipapa cha Sayansi, ambamo Lemaître alikuwa mshiriki tangu 1936, alizisifu habari hizo mpya za nyota, akazifananisha na ushuhuda juu ya neno lile la kwanza la Muumba lililoleta nuru. Wakatoliki wengi walifurahi. Padre Lemaître alihuzunika. Kwa upande mmoja adui zake walikuwa wamepata walichokitaka, kwani sasa wangaliweza kusema kwamba mlipuko mkubwa ni mafundisho ya Roma. Kwa upande mwingine alijua jinsi wazo la kitaalamu lilivyo kitu cha muda, kinachoweza kuanguka kwa kipimo kimoja kipya. Na aliyeegemeza imani yake juu ya kitu kama hicho, siku kikianguka ataanguka nacho. Lakini kumsahihisha Baba Mtakatifu si jambo jepesi kwa padre. Alishauriana na Padre Daniel O'Connell, Myesuiti aliyekuwa mkuu wa kituo cha nyota cha Vatikano, na maoni yake yakafika kwa heshima mahali palipopaswa kufika. Katika Septemba 1952 wataalamu wa nyota wa dunia walipokutana Roma, Pius XII alisema nao kwa urefu juu ya elimu yao, wala hakurudia tena ile habari.

Mtu huyu hakuwa na uso wa huzuni. Alikuwa mnene, mchangamfu, mwenye kicheko kilichosikika mbali, mpenda piano na chakula kizuri. Kila siku alisoma Misa na sala zake za vipindi, na kila mwaka alikwenda katika mafungo ya kimya ya siku kumi pamoja na mapadre wenzake wa chama cha Rafiki za Yesu, ambao waliweka nadhiri ya umaskini. Alipenda mashine za kuhesabu kama mtoto apendavyo kigari chake. Mwaka 1958 alileta Louvain mashine ya kwanza ya elektroni ya chuo hicho, akakaa nayo usiku na mchana. Mwaka 1960 Papa Yohane XXIII alimfanya mkuu wa Chuo cha Kipapa cha Sayansi na kumpa cheo cha Monsinyori.

Mwezi wa Desemba 1964 akapatwa na ugonjwa wa moyo, na baadaye ugonjwa wa damu ukamlaza kitandani. Katika miezi hiyo Wamarekani wawili, Arno Penzias na Robert Wilson, walikuwa wakihangaika na mnara wao wa redio, kwa sababu kila walikouelekeza walisikia mvumo mdogo usiokwisha. Walidhani ni uchafu wa njiwa. Wakausafisha, mvumo haukukoma. Mwaka 1965 ikajulikana kwamba huo ni mwanga wa kale kuliko wote, uliotoka wakati ulimwengu ulipokuwa mdogo na wenye joto kali, ukanyoshwa na kupoa njiani mpaka ukawa mawimbi ya redio. Wazo la Hoyle halikuweza kuueleza. Odon Godart, aliyekuwa msaidizi wake kwa miaka mingi, alimpelekea Monsinyori Lemaître habari hiyo hospitalini. Alifurahi kwamba ushahidi umepatikana. Siku chache baadaye, tarehe 20 Juni 1966, akafariki dunia mjini Louvain, akazikwa karibu na Charleroi, katika makaburi ya Marcinelle.

Kazi aliyoianza haikuzikwa naye. Mwaka 1998 makundi mawili ya wataalamu, wakipima nyota zinazolipuka katika galaksi za mbali sana, waliona kwamba kutanuka kwa ulimwengu kunaongeza mwendo, na ile nguvu ndogo aliyoishikilia dhidi ya Einstein ikarudi mezani. Wengine wamepima mwanga ule wa kale, wakaona kwamba kundi letu la galaksi, na Andromeda pamoja nalo, linavutwa upande mmoja kwa kasi ya kilomita zaidi ya 600 kwa sekunde. Mwaka 2014 mwendo wa galaksi maelfu uliunganishwa katika ramani moja, kama mtu anavyochora mikondo ya maji. Vijito vya Kabambare hushuka kwenye Luama, na Luama kwenye Lualaba. Lakini mvua iliyonyesha ng'ambo ya milima ya mashariki hushukia ziwa Tanganyika (ingawa hata maji hayo hatimaye hutoka kwa mto Lukuga na kuifuata Lualaba, kwa maana maji ya nchi hii ni kama hayapendi kuachana). Kwa namna hiyo hiyo wataalamu walichora mpaka wa bonde letu la galaksi, lenye upana wa miaka ya nuru kama milioni 500 na galaksi kubwa kama 100,000, wakaliita Laniakea kwa lugha ya watu wa visiwa vya Hawaii. Juu ya kasi ya kutanuka kwenyewe bado hawajapatana: wanaopima kwa mwanga ule wa kale hupata kama 67, na wanaopima kwa nyota hupata kama 73.

Kanuni ya mwendo huo iliitwa kwa jina la Hubble peke yake kwa muda wa miaka karibu 90. Mwaka 2018 washiriki wa Umoja wa Kimataifa wa Elimu ya Nyota walipiga kura, na karibu wanne katika kila watano waliona iitwe kanuni ya Hubble na Lemaître.